Mwezi wa Msumari

Kibosho,
23 Februari 2026

Mwanangu Theopista,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Pasua, na joto lenu na vumbi lenu. Sisi huku juu hatujambo. Mama mdogo wako Magdalena goti linamsumbua, lakini bado ananishinda kupanda mlima. Ng'ombe amezaa, dume tena. Mjukuu wangu Priska ameanza chekechea na sasa anatusahihisha Kiswahili chetu mezani.

Unajua kwa nini nakuandikia badala ya kupiga simu. Masikio yangu yalikwisha kwenye mashine za kuchanganyia zege, na nikishika simu nabaki kupiga kelele peke yangu kama mpiga mnada wa Kiboriloni. Halafu Krismasi hukupanda. Watu wote walipanda, hata wale wa Mwanza. Nyama yako tulikuwekea mpaka siku ya tatu. Siulizi sababu.

Jambo lenyewe ni tangi. Kamati ya maji imenipa kazi ya tangi la kitongoji. Linakaa juu ya nguzo, palepale kwenye uwanja wa chekechea, kwa sababu ndipo bomba la kutoka msituni linapopita, na chini yake watoto watapata kivuli cha kuchezea. Mchoro wa mhandisi ulikuwa wa tangi la mita mbili kila upande, lita elfu nane, nguzo nne. Kamati ikaona maji hayo hayatoshi, ikapiga kura tupate maradufu. Mhandisi alikuwa amekwisha kuhamishwa, kwa hiyo hesabu nikaifanya mwenyewe: kila upande mita nne badala ya mbili, nguzo nane badala ya nne. Maradufu kamili, wala hakuna aliyebisha.

Ijumaa tarehe 20 tulimwaga sakafu ya tangi. Godbless wa pikapu anakuletea kyubu sita za zege hilo, zile ambazo ninyi wasomi mnaziita michemraba. Tarehe nimeandika kwa rangi nyekundu. Zivunjeni hapo maabara kwenu, tatu siku ya saba na tatu siku ya ishirini na nane, halafu unipe cheti. Tunataka kufungulia maji Pasaka.

Kuhusu ile mifuko kumi ya saruji uliyoleta Novemba kwa ajili ya kaburi la baba yako, tutaongea.

Mimi baba yako mdogo,
Thadeus


Pasua, Moshi,
1 Machi 2026

Baba mdogo,

Shikamoo. Shikamoo na kwa mama mdogo, mwambie goti asilipake mafuta ya taa, najua analipaka. Hongera ya ndama. Mimi sijambo, kazi ni nyingi, na joto limefika mahali ambapo hata mbu wamechoka. Krismasi nilikuwa zamu. Hiyo ndiyo sababu uliyosema huiulizi.

Juzi Ijumaa tulivunja kyubu tatu za kwanza. Zege likiwa na siku saba huwa limefikia kama theluthi mbili ya nguvu yake. Hili lako lilikuwa limeshaifikia yote. Mashine ilipiga mlio ambao kwa kawaida tunausikia kwa zege la mwezi mzima, mpaka mkuu wangu akatoka ofisini kuuliza ni fundi gani huyo. Nikasema ni baba yangu mdogo.

Naomba unijibu swali moja dogo, usilifikirie sana. Siku ile ya Ijumaa mlipomwaga sakafu, mwezi ulikuwa na umbo gani?

Mengine hayana haraka, isipokuwa la kaburi. Umesema tutaongea, na mimi nasubiri tuongee.

Wako,
Theopista


Kibosho,
10 Machi 2026

Mwanangu,

Hatujambo. Mvua zimeanza kugusa migomba. Barua yako ilinifikia siku ya nne kwa sababu Godbless alivunja springi njiani, au ndivyo anavyosema, na bahasha ilikuwa imefunguka kona moja. Uliigundisha vizuri? Nimemwuliza naye anaapa. Mtu anayeapa haraka hivyo mimi namwangalia mara mbili.

Swali lako la mwezi nimelisoma, nikampa Magdalena akalisoma, tukaangaliana. Mwezi ni mwezi. Leo kipande, kesho duara. Kulikuwa na mawingu, na mimi nilikuwa naangalia zege, siinui kichwa juu kama kuku anayekunywa maji.

Sasa na mimi nikuulize. Nani amekuandikia? Ni Fabian? Huyu katibu wa kamati alitaka kazi ya tangi apewe shemeji yake wa Bomang'ombe, na tangu nimshinde hanisalimii kwa moyo. Jumapili nilimwona nyuma ya kanisa anaandika kitu kwenye daftari. Nilipokaribia akalifunga. Kama ni yeye anayekupa maneno, niambie mapema nijue naishi na nani.

Kuta za tangi zimesimama na mbao tumeshazitoa. Watoto wanacheza chini yake tayari, Priska anasema panatoa mwangwi mzuri. Fanya utume cheti.

Nakuletea mkungu wa ndizi mshare upike machalari na nyama, maana huko mjini mnakula wali tu. La kaburi nimesema tutaongea. Tutaongea ukipanda.

Thadeus


Pasua, Moshi,
14 Machi 2026

Baba mdogo, shikamoo.

Ndizi zimefika na nimepika, nashukuru. Nilihesabu vichana kabla Godbless hajaondoka, kwa hiyo unaona na mimi nimeanza kuwa kama wewe.

Hakuna aliyeniandikia. Fabian sina hata namba yake. Aliyeniambia ni wewe.

Fundi aliyekufundisha kazi hakujua kusoma. Alihesabu siku za kumwagilia zege kwa kuutazama mwezi, na kila alichomwaga alikichorea kwa msumari mwezi wa siku ile kabla hakijakauka. Wewe ukarithi. Kizingiti cha jiko letu kina mwezi mwembamba. Hori la ng'ombe lina nusu. Nilikuwa nakushikia kopo la misumari tangu nina miaka sita, na siku niliyochora duara kwa sababu linapendeza, wakati mwezi ulikuwa kipande, ulinichapa kofi la mkono na kulifuta kwa mwiko. Ulisema mtu anaweza kudanganya kwa mdomo, lakini kwa msumari haifai.

Kyubu zako zote sita zina mwezi wa duara, uso wa juu karibu na kona. Ijumaa ile ya tarehe 20 jirani zangu Waislamu walikuwa ndio kwanza wameanza kufunga. Nilikaa nao uani tukiutazama mwezi, mwembamba, umelala kama bakuli. Duara ulikuwa tarehe mosi na ya pili. Kwa hiyo kyubu hizi zimeitangulia tarehe yako nyekundu kwa siku kumi na nane hivi, na hazikutoka kwenye sakafu ya tangi. Ndiyo maana zilikuwa na nguvu.

Tatu zilizobaki sitazivunja. Cheti sitasaini. Baba mdogo, zege lililo juu ya vichwa vya wale watoto mlilichanganya na nini? Na mifuko kumi ya baba iko wapi? Unisamehe kwa kuyaweka maswali hayo mawili pamoja, lakini yamekaa pamoja kichwani mwangu kwa muda mrefu. Desemba nilisikia kwamba kaburi bado ni udongo na stoo yako haina mfuko hata mmoja. Ndiyo sababu sikupanda. Zamu haikuwepo.

Theopista


Kibosho,
24 Machi 2026

Theopista,

Sisi tupo. Siku kumi sikuandika kwa sababu kila nilipoanza niliichana karatasi.

Umesema kweli kuhusu mwezi. Kyubu nilizimwaga tarehe mosi. Kalibu za chuma za kumwagia kyubu mimi sina. Anazo shemeji yake Fabian kule Bomang'ombe, yuleyule niliyemshinda kazi. Nilikwenda kumwangukia anikopeshe. Akanipa wiki ya kwanza ya Februari tu, akasema baada ya hapo ana kazi zake, na akacheka. Kwa hiyo nikamwaga mapema, saruji ileile, mchanga uleule, kipimo kilekile, na mkono ukachora mwezi wenyewe kama ulivyozoea. Ilipofika siku ya sakafu kalibu zilikuwa zimerudi. Nikapaka tarehe ya sakafu. Sikutaka mtu yeyote ajue nilimwomba yule bwana, hata wewe.

Mifuko kumi imo ndani ya nguzo. Kamati ilikuwa na saruji ya nguzo nne. Zile nne za nyongeza nilizianza Novemba hiyohiyo, kwa saruji ya kaka yangu. Nilijiambia Mathew asingekataa, alipenda watoto kuliko mimi. Nilitaka kuirudisha kabla hujajua. Hilo ni kosa na nakiri.

Lakini kula saruji ya watoto, hilo umelitoa wapi? Baba yako alipokuwa migodini Mererani, nani alikushika mkono kwenda shule? Nani alikufundisha kushika mwiko? Umekaa na jambo hilo moyoni miezi minne, unanila kidogo kidogo, na barua zako zote zinaanza na shikamoo. Limeniuma, Theopista. Sitasema halikuniuma.

Fabian anasema cheti si lazima, neno la fundi linatosha. Jumamosi Kuu tunafungulia maji, lijae, na Pasaka baada ya misa watoto wataimba chini yake. Uje au usije ni shauri lako.

Thadeus


Pasua, Moshi,
26 Machi 2026

Baba mdogo, shikamoo, na safari hii naomba uipokee.

Jana nilikaa kuandika barua ya kuomba radhi. Nililia kabla sijaandika mstari wa kwanza. Nikatoa barua zako zote nione ni wapi nilianza kukukosea, nikaanza na ile ya Februari. Hapo nikaacha kulia. Niliogopa.

Nimempigia mama mdogo. Anasema umemkataza kulitaja jina langu ndani ya nyumba, na kwamba kamati haimsikilizi mtu mwingine kuhusu tangi ila wewe. Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, ukifanye kwa mikono yako mwenyewe kabla hujaichana barua hii.

Chukua mche wa sabuni. Ukate vipande vidogo vyenye pande zote sawa, kama dadu. Weka kimoja mezani. Hilo ni tangi la mhandisi, mita mbili kila upande. Sasa pembeni yake jenga tangi lako: vipande viwili kwa upana, viwili kwa urefu, viwili kwenda juu. Hesabu umetumia vingapi.

Ni vinane, baba mdogo. Mchemraba ukiongezwa kila upande mara mbili, kilichomo ndani kinaongezeka mara nane. Tangi lako halichukui lita elfu kumi na sita. Linachukua elfu sitini na nne. Hizo ni tani sitini na nne za maji peke yake, kabla ya kuta. Kila nguzo iliyochorwa kubeba tani mbili za maji itabebeshwa nane. Zitaweza? Mimi sijui, na wewe hujui. Zege lako linaweza kuwa zuri kuliko lote la Kibosho na bado likawaangukia watoto.

Hili lilikuwa kwenye barua yako ya kwanza, umeliandika wazi kabisa, tena kwa kujisifu. Limekaa kwenye droo yangu mwezi mzima. Mimi ninayeshika michemraba kutwa sikuuona mchemraba, kwa sababu nilikuwa natafuta mwizi. Uliniambia leo kipande, kesho duara. Mwezi ni mviringo kama chungwa siku zote, ila sisi tunaona upande uliopata jua tu. Wewe nilikuona kipande, nikakijazia kilichobaki kwa ubaya niliokuwa nao mwenyewe. Nisamehe.

Maji maradufu ambayo kamati iliyapigia kura yanafika mita moja tu kutoka sakafuni, chini ya kiuno chako. Na hata hayo yasiingie kabla mhandisi hajapima nguzo. Nitamtafuta mimi.

Nisipopata jibu lako, Jumamosi Kuu nitapanda na kigoda changu na kukaa chini ya tangi. Mkitaka kufungulia maji, mtafungulia nikiwa nimekaa hapo.

Binti yako,
Theopista


Kibosho,
30 Machi 2026

Mwanangu Theopista,

Marahaba. Sisi wazima wote, na nyumba nzima inanukia sabuni. Mama mdogo wako hajanisamehe ule mche, ulikuwa mpya. Goti lake ni afadhali. Ndama amepata jina, Priska amemwita Nane, na utaona ni kwa nini.

Barua yako ilikuja Ijumaa mchana. Nilitaka kuitupa jikoni. Magdalena akaishika, akaisoma kwa sauti ya kunifikia, kisha akaweka sabuni na kisu mbele yangu akatoka. Nikakata. Nikapanga. Nikaona vinane, nikasema huyu mtoto amenichezea, nikavuruga nikapanga upya. Vikawa vinane tena. Nikamwita Priska ahesabu, kwa sababu yeye hana ugomvi na mtu. Akahesabu kwa kidole: nane, babu.

Nikaenda kwenye tangi. Watoto walikuwa wamekwisha kwenda nyumbani, kuna kandambili moja ilikuwa imesahaulika chini pale. Nilisimama chini ya sakafu yake nikiangalia nguzo zangu, kisha nikakaa kwenye udongo. Nimejenga miaka arobaini, mwanangu, na sijawahi kukiogopa kitu nilichokijenga.

Nitakuambia jambo ambalo baba yako alilijua akalinyamazia. Siku zote nimewaambia nilimaliza darasa la saba. Niliishia la nne. Mbili na mbili nazijua, lakini zikigeuka upana na urefu na kimo kwa pamoja, mimi hukisia kwa jicho, na jicho halijawahi kuniangusha mpaka safari hii. Ulipouliza mwezi nikadhani unanichimba kwenye kalibu. Kumbe kalibu ilikuwa kitu kidogo.

Jana Jumapili ya Matawi, baada ya misa, niliwaomba kamati wabaki. Nilitoa vipande kwenye mfuko wa koti, nikavipanga mbele yao, nikasema mimi Thadeus nimekosea, na nikaeleza nimekosea wapi. Watu walinizunguka wakiwa bado wameshika matawi yao. Fabian akaja akavihesabu mara mbili, akasema hata yeye alipiga kura, na hakuna hata mmoja wetu aliyehesabu. Halafu akanipa mkono. Lile daftari lake nimeliona sasa. Alikuwa anaandika majina ya watoto watakaoimba Pasaka, Priska ni wa tatu. Nimemwambia nilichokuwa nimemdhania, akacheka, akasema na yeye alidhani namwibia nondo.

Leo asubuhi nimetoboa ukuta mimi mwenyewe, mita moja kutoka sakafuni, nikatia bomba la kumwagia nje. Maji hayatapita hapo hata wakitaka. Koki ya kutoka msituni imefungwa kwa kufuli na ufunguo anao Magdalena, kwa hiyo hata mimi siwezi kuupata. Chekechea imehamia ukumbi wa kigango, na Pasaka wataimba hukohuko. Mlete mhandisi wako. Akisema nguzo ziongezwe, nitaziongeza. Akisema livunjwe, nyundo ninayo.

Saruji ya baba yako imerudi, mifuko kumi, iko chini ya kitanda chetu isipate unyevu. Beberu wetu usimwulizie, ndiye aliyeinunua. Kaburi nataka kulimwaga Jumamosi tarehe 11 Aprili, Pasaka ikishapita. Nimehesabu: siku hiyo mwezi utakuwa nusu, na saa mbili asubuhi utakuwa bado uko juu, mawingu yakituhurumia. Zile kyubu tatu zilizobaki zifute rangi, uzilete, nitaziweka kichwani pa kaburi. Duara lake ni la kweli.

Humu ndani ya bahasha utakuta msumari. Ni uleule wa kopo, usiutupe ukidhani ni taka. Bahasha nimeigundisha kwa uji, na Godbless nimemwambia kuna msumari ndani, ili asije akakuambia ulidondoka njiani.

Uje nao. Mimi nitashika mwiko. Mwezi wa baba yako utauchora wewe, utakavyouona.

Baba yako mdogo,
Thadeus